Mtepe na Maneno ya Waunda Vyombo

Siku hizi watu huunda kamati, huunda serikali, huunda hata maneno mapya. Wala si wengi wafikirio kwamba neno hilo limekaa sana ufukoni. Katika Kiswahili cha wazee, kuunda kulikuwa hasa kazi ya mti, na zaidi ya yote kazi ya vyombo vya baharini. Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, ukili husukwa, bali chombo huundwa. Kutoka hapo twapata kiunzi, yaani mbao na miti iliyokwisha kuungwa hata ikapata umbo.

Mwalimu atakaye kueleza mambo ya kale ya pwani hukutana upesi na chombo kiitwacho mtepe, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba. Mara nyingi husikia ya kuwa wenyeji walishona kwa sababu hawakuwa na chuma. Sisi hatukubali maelezo hayo, na yafaa tuseme kwa nini.

Habari ya vyombo vya kushonwa katika bahari hii ni ya kale mno. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, chataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na chasema imeitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Katika karne ya 6 Procopius aliandika kwamba watu wa zamani zake walidhani baharini mna miamba ya sumaku inayong'oa misumari. Yeye aliikana hadithi hiyo, kwa kuwa merikebu za Warumi zenye chuma kingi zilipita Bahari ya Shamu zisipatwe na neno. Lakini akaweka sababu nyingine, kwamba watu wa Bara Hindi na Wahabeshi hawana chuma. Twaona basi dhana hiyo ina umri wa miaka elfu moja na mia nne na zaidi.

Kwa pwani yetu haisimami. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, asema watu wa Malindi walichimba chuma na kukifanyia biashara. Tena wafukuaji wamekuta mavi ya chuma katika miji ya kale, kama Shanga kisiwani Pate. Hata hivyo, Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, watu wake waliandika kwamba vyombo vya huko ni vikubwa, havina misumari, mbao zimeshikwa kwa kamba, na matanga ni ya mikeka. Chuma kilikuwako; waundaji hawakukitaka kwa kazi hiyo.

Ili kufahamu sababu, tutazame kazi yenyewe. Fundi wa Ulaya, tangu karne ya 16 hivi, alisimamisha kwanza mkuku na mataruma, kama mifupa ya samaki, kisha akavika mbao juu yake. Umbo la merikebu lilitoka katika mataruma, nalo liliweza kuchorwa karatasini kabla shoka halijagusa mti. Ndiyo asili ya elimu ya kuchora merikebu kama ijulikanavyo leo. Fundi wa mtepe alikwenda kinyume. Aliweka mkuku, akaunga ubao wa kwanza, na wa pili juu yake, ukingo kwa ukingo, na umbo likazaliwa katika mbao zenyewe. Mataruma yalitiwa baadaye. Mchoro wake ulikuwa jicho lake.

Kila ubao ulitobolewa kwa keekee karibu na ukingo, matundu yakielekeana. Vijiti vya mti vilipigwa baina ya mbao ili zisiteleze. Kisha kamba ya usumba ikapitishwa, ikakazwa, na tundu likazibwa. Usumba nao una kazi yake. Makumbi ya nazi hufukiwa katika matope ya pwani kwa miezi, kisha hupondwa, huoshwa, hukaushwa na kusokotwa. Maji ya chumvi hula chuma upesi, ila usumba huyastahimili sana.

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aeleza faida yake: bahari hii ina miamba mingi, chombo cha misumari kikigonga huvunjika, bali cha kamba hunyumbuka. Nasi twaongeza jambo ambalo kila mtu wa pwani alijua. Maji yakipwa, chombo hupwelewa, kikalala ubavu juu ya mchanga, na uzito wote huelemea mbao. Kiunzi kinachokubali kupindika kidogo hakiumii. Lakini mtepe ulivuja sana, watu wakateka maji safari nzima, na mishono ilitaka kufanywa upya mara kwa mara. Kila ufundi una deni lake.

Maneno nayo yana habari. Msumari, kalafati, deheni na usukani ni ya Kiarabu. Nahodha ni la Kiajemi. Parafujo ni la Kireno. Kushona, kamba na tanga ni ya Kibantu. Walakini tusikimbilie kusema kwamba kushona ni kwetu na msumari ni kwa wageni, maana Waarabu nao walishona vyombo vyao kwa karne nyingi. Neno laweza kusafiri bila kitu, na kitu bila neno.

Mitepe ya mwisho ilikuwa ya visiwa vya Lamu, ikichukua boriti kwenda kusini, na omo yake ndefu wengine waliifananisha na shingo ya ngamia. Kabla ya kati ya karne ya 20 ilikuwa imekwisha kabisa. Mmoja uliundwa upya mwanzoni mwa karne hii, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib huko Unguja, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Majahazi ya misumari yangali yakiundwa Matondoni kisiwani Lamu, na Nungwi kisiwani Unguja. Mwalimu aendaye huko na daftari aanze na mkuku, apande ubao kwa ubao, akiuliza jina la kila kipande na la kila tendo. Na asisahau kuuliza wazee jinsi walivyoita mshono.