Mizani Kabla ya Ramani

Ukitaka kutoka Kinoo kwa miguu hadi Mlima Longonot kupitia Limuru na Kijabe, ramani ya simu itakujibu upesi: kilomita sitini hivi, yaani siku tatu za kilomita ishirini-ishirini. Hesabu hiyo inalifaa gari. Mwili wa binadamu una hesabu yake, na sehemu ya hesabu hiyo ilipimwa hapa hapa Kenya, kwa akina mama wa Kikuyu na wa Kijaluo.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka ng'ambo. Wanawake wa Kijaluo walijitwika mzigo kichwani. Wa Kikuyu waliubeba mgongoni kwa mukwa, ukanda unaopita kwenye paji la uso. Mizigo ya aina hiyo, kuni au maji, huweza kufikia asilimia 70 ya uzito wa mbebaji, na bibi aliyeibeba tangu usichana hutambulika kwa mfuo wa mukwa uliobaki pajini. Watafiti walipima oksijeni waliyotumia akina mama hao wakitembea, maana oksijeni ndiyo inayoonyesha nishati inayochomwa mwilini. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi hayakupanda hata kidogo. Ulipofika asilimia 30, yalipanda kwa asilimia 10 tu. Askari aliyebeba asilimia 20 kwa begi la mgongoni alikuwa tayari anatumia asilimia 13 zaidi.

Siri ilielezwa mwaka 1995. Katika kila hatua mwili huinuka kidogo, kisha hushuka na kugeuza ule mwinuko kuwa mwendo, kama bembea. Sisi wengine hupoteza sehemu ya nishati hiyo kila tunapokanyaga. Akina mama hao, wakishabeba mzigo, waliipoteza kidogo kuliko walipotembea mikono mitupu. Lakini usikimbilie kufunga ukanda pajini: utafiti wa baadaye Afrika Kusini uliona tofauti kubwa kati ya mbebaji mmoja na mwingine, pamoja na maumivu ya shingo. Ujuzi huo hujengwa kwa miaka. Anayebeba begi hulipia kila kilo tangu ya kwanza.

Kwa hiyo mpango uanze kwenye mizani. Mtu wa kilo 60 ajiwekee kikomo cha kilo 12, ile asilimia 20. Hema la kilo 2, mfuko wa kulalia wa kilo moja na nusu, maji lita 3 ambazo ni kilo 3 kamili: tayari umefika kilo sita na nusu kabla ya sweta, na sweta huwezi kuiacha, kwa sababu Limuru iko juu ya mita 2,200 na ukungu wake wa Julai unaingia mifupani. Pa kupunguzia ni chakula. Njia hii inapita kwenye soko la Limuru na maduka ya Kijabe, basi beba cha siku moja na ununue kingine mbele ya safari.

Baada ya uzito, fuata mwinuko. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kinoo iko takriban mita 1,900, hivyo kilomita ishirini za kwanza hadi Limuru ni saa nne na nusu. Ongeza mapumziko na begi, zinakuwa sita. Siku ya pili ni ya Kijabe. Ukitaka kukatiza msituni, zungumza kwanza na walinzi wa Huduma ya Misitu.

Siku ya tatu ndiyo yenye mtego, ingawa inaonekana rahisi: kushuka ukingo wa Bonde la Ufa. Pumzi haikusumbui, lakini msuli wa paja unakaza huku ukivutwa kurefuka ili kukuzuia usiporomoke, na nyuzi zake hupata michubuko midogo midogo. Maumivu huanza kesho yake, yaani siku ile ile unapotakiwa kupanda Longonot yenye mita 2,776, na hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Habari njema ni kwamba msuli una kumbukumbu: ukishaumizwa kidogo na mteremko, hukaa wiki kadhaa ukiwa mgumu kuumia tena. Wiki mbili kabla ya safari, nenda Ngong, panda taratibu, kisha ushuke kwa bidii.

Lipo pia jambo la jua. Vitabu vya Ulaya hupanga mwendo wa mpaka usiku kwa sababu kiangazi chao kina jioni ndefu. Sisi tuko karibu na ikweta: mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, na giza halichelewi. Panga kufika unakolala kabla ya saa kumi alasiri.

Ukijumlisha haya yote, safari ya siku tatu ya ramani inakuwa ya siku nne: tatu za kufika lango la Longonot, na moja ya mlima wenyewe. Kabla hujaondoka, peleka begi lako kwenye mizani ya duka la nafaka. Likizidi asilimia 20 ya uzito wako, punguza chakula kabla hujagusa maji.