Majengo ya Tana: Tazama Udongo Kabla ya Mawe

Anayetaka kuona majengo ya kale ya pwani ya Kenya huelekezwa Lamu, Gede au Fort Jesus. Garsen, kando ya mto Tana, hupitwa tu na basi. Lakini atakayeteremka hapo akashika njia ya Golbanti ataona jambo ambalo miji ya mawe haimwonyeshi waziwazi: jinsi mto unavyoamua mtu ajenge wapi, kwa kitu gani, na nyumba idumu muda gani.

Mto Tana hufurika, na kila ufurikapo huacha tope kingoni. Miaka nenda miaka rudi, tope hilo limejijenga likawa tuta refu, lililoinuka kidogo kuliko mabonde ya mpunga yaliyo nyuma yake. Wapokomo, wakulima, huweka vijiji vyao kwenye matuta hayo. Katika delta ya Mekong, Vietnam, watu wengi huinua nyumba juu ya nguzo ili maji yapite chini. Huku Tana anayepanda juu ya miti ni mlinzi wa shamba, kwenye dungu lake; nyumba hukaa ardhini, na tuta ndilo msingi wake. Kwa hiyo ukifika kijijini, angalia kwanza uliposimama: umepita shamba kimo kwa kiasi gani?

Kisha sogea ukutani. Nguzo zimechimbiwa, fito zimefungwa pande mbili, udongo umeshindiliwa katikati, halafu ukuta ukakandikwa. Maji yakiingia, udongo huyeyuka kuanzia chini na miti husalia imesimama. Yakishuka, mwenye nyumba hukandika upya kwa tope lilelile ambalo mto umemletea mlangoni. Huo ni ufundi uliokomaa, na inaniuma kuona vitabu vya utalii vikiuita makazi duni.

Waorma, wafugaji, wamelijibu swali hilohilo la kujenga wapi na kwa kitu gani kwa njia nyingine. Nyumba yao ya asili ni kuba la fito zilizopindwa na kuezekwa kwa nyasi au mikeka, na wajenzi wake ni wanawake. Malisho yakihama, nayo hufunguliwa ikahama.

Golbanti pia ina historia ya misheni. Wamethodisti wa Uingereza, ambao kituo chao cha kwanza kilikuwa Ribe, walifika hapa miaka ya 1880 wakiwalenga Waoromo, jamaa wa Waorma. Tarehe 3 Mei 1886, John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapa katika uvamizi wa Wamaasai, pamoja na waumini wenyeji. Mwaka uliofuata, wamisheni wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi yao Ngao, jirani tu.

Ukifuata mto hadi baharini, karibu na Kipini, unafika magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili, na hapo ndipo mawe yanapoanza. Mwanaakiolojia James Kirkman aliyachimbua miaka ya 1950. Msikiti wa Ijumaa ni wa kushangaza: kumbi mbili za sala zimekaa ubavu kwa ubavu, moja ya zamani na nyingine iliyoongezwa baadaye. Hesabu nguzo zake. Kwenye majengo ya Waswahili, paa la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba na misikiti imejaa nguzo. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni.

Wengi hudhani Ungwana ulitazama bahari tu. Lakini mwanaakiolojia George Abungu, aliyeandika tasnifu yake ya Cambridge kuhusu jamii za mto huu, aliuchunguza uhusiano wa delta na bara tangu karne ya 8 hadi ya 19. Ndiyo maana nasema Ungwana na vijiji vya udongo vya Golbanti visomwe pamoja, katika safari moja.

Nenda kiangazi, Januari hadi Machi mapema, maana mafuriko hukata barabara za Garsen. Omba ruhusa kwa wazee kabla ya kupiga picha nyumba ya mtu au kukaribia makaburi. Na ukiona kigae cha chungu kwenye mchanga wa Ungwana, kiache palepale: sheria ya urithi ya mwaka 2006 inakilinda, na mtafiti atakayekuja baadaye anakihitaji mahali kilipo.