Guka alinipa santuri, nikaziua na sindano

Guka aliponikabidhi katoni ya santuri zake, nilijiona DJ kamili. Nikanunua ile mashine ndogo ya mkoba, spika ndani kwa ndani, nikaweka singo ya Joseph Kamaru. Miezi miwili baadaye, sauti ilikuwa inakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Nilidhani santuri imezeeka. Kumbe ni mimi nilikuwa naila!

Shida ilikuwa uzito. Mashine nyingi za bei poa hukandamiza sindano kwa gramu 5 hivi, ilhali sindano nyingi nzuri hutaka gramu 2 tu. Kila ukicheza, mfereji wa santuri unachubuka, na ukishachubuka haurudi. Ngoma nyingi za enzi hizo hazikuchapishwa tena, kwa hivyo ukiharibu umezika.

Basi tafuta mashine yenye kizani nyuma ya mkono. Kizungushe hadi mkono uelee, kisha weka uzito ulioandikwa na watengenezaji wa sindano. Usipunguze ukidhani unaokoa santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka na kuumiza vilevile.

Umenunua mashine ya mtumba? Badilisha sindano kwanza. Hata ya almasi huisha baada ya saa 500 hadi 1,000, na hujui mwenyewe wa kwanza alikesha nayo mara ngapi.

Halafu vumbi. Pitisha brashi laini kabla ya kila kucheza, na ushike santuri kwa kingo, si kwa vidole vilivyotoka kwenye chipo. Zile nzito za kasi ya 78 usizipake spiriti kamwe, zitayeyuka. Zipange zikiwa zimesimama, mbali na jua la dirishani, la sivyo zitajipinda.

Mwisho, spika zisikae meza moja na mashine. Besi ikitikisa meza, sindano huidaka na kuirudisha kwa spika, chumba chote kikaanza kunguruma. Na ukisikia mvumo usioisha, angalia kama ule waya mwembamba wa ardhi umefungwa.

Juzi Guka alinitembelea kwa keja. Singo ya Kamaru haikupona, na nilimwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akachagua nyingine katonini, akaniambia, "Cheza hii. Pole pole."

Ilitoka safi. Akaomba irudiwe.