Si Kila Hoihoi ni Uhuni

Ukipita kituo cha mabasi Kibaha wakati wa jioni, utawakuta vijana wakipiga debe, wakitaniana na kuangua vicheko visikiavyo hadi ng'ambo ya barabara. Ukifika Kisarawe siku Wazaramo wanapomtoa mwali, utasikia ngoma, vigelegele na vifijo vya watu waliosahau taabu zao kwa saa chache. Bila shaka umewahi kumsikia mtu mzima akitikisa kichwa na kusema, "Uhuni mtupu!" Je, neno hilo limetumika mahali pake?

Uhuni watokana na kitenzi huni, yaani kutangatanga pasipo sababu njema. Mhuni wa zamani alikuwa mtu asiye na makao wala jamaa wanaojulikana. Katika Dar es Salaam ya wakati wa Mwingereza, kijana aliyetoka shamba akakosa kazi mjini alibandikwa jina hilo, kisha akakamatwa na kurudishwa kwao. Hata baada ya Uhuru mambo hayakwisha. Kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, walioitwa wazururaji walikusanywa mjini na kupelekwa mashambani. Neno hili, basi, si la mchezo. Limewahi kumtoa mtu mahali alipokuwa akitafuta riziki.

Lugha yetu haina upungufu wa maneno. Kelele za furaha ni hoihoi, nderemo na shamrashamra. Mwenye kujionyesha ana mbwembwe. Mwenye kuvuruga amani ana fujo. Uhuni tuuache kwa yule apokonyaye mali za watu, atukanaye wakubwa na kuwasumbua mabinti njiani.

Siku hizi vijana huitana "mhuni wangu" kwa mapenzi, nao huelewana. Lakini kauli ya rika si kauli ya mzazi. Mtoto anayeitwa mhuni kila achekapo kwa sauti huona kuwa jina amekwisha kulipata. Kilichobaki ni kulitendea kazi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujatamka, jiulize: je, yuko aliyeumizwa, aliyeibiwa au aliyedhalilishwa? Kama hayupo, mwambie mwanao apunguze sauti, majirani wamelala. Hilo latosha. Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na kumwita jina pia ni kumlea.