Je, Wajua? Tailizi Moja Nyumba Nzima, au Kila Chumba na Yake

Je, wajua kwamba tailizi mbili za kiwanda kimoja, jina moja na rangi moja zinaweza kukataana ukizilaza pamoja? Udongo husinyaa tanuruni, na kila mchomo hutoka na tofauti yake ndogo ya kipimo na ya rangi. Viwanda vinalijua hilo, ndiyo maana ubavuni mwa boksi hupigwa muhuri: namba ya mchomo, alama ya rangi na alama ya kipimo halisi. Wanunuzi wachache huusoma. Hapa Tabata, Dar es Salaam, wengi tunajenga kwa awamu: sebule mwaka huu, korido zamu ya mchezo ikifika, chumba cha watoto Mungu akijalia. Mwaka unaofuata unarudi hadiwea Segerea na kipande chako mkononi, kijana wa duka anakuambia, "Hii ipo, mzee," na kweli ipo, ila ni ya mchomo mwingine. Ikishalazwa, jua la saa kumi likipiga korido unaona weupe wa aina mbili, na mistari ya grauti iliyotoka sebuleni ikiwa sambamba inafika mlangoni imepishana kwa unene wa ukucha.

Kwa macho yangu, sakafu nyingi za mchanganyiko mtaani hazikuchaguliwa na mtu. Mzigo uliisha.

Je, wajua mzigo wenyewe siku hizi hautoki mbali? Kiwanda cha Goodwill kiko Mkuranga, na cha Keda, kinachotoa tailizi za Twyford, kiko Chalinze. Vyote viwili mkoa wa Pwani. Ukaribu huo haufuti habari ya mchomo. Lori la wiki hii na la mwezi ujao si lazima yabebe mzigo pacha.

Je, wajua hesabu inapendelea upande gani? Tailizi ya sentimita 40 kwa 40, mita moja ya mraba inakula 6.25. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinataka 75. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unafika 83. Ukitaka zilazwe mshazari, ongeza asilimia 15 badala ya 10. Sasa nyumba ikiwa ya aina moja, kipande kilichobaki chumbani kinamalizia kona ya korido. Ikiwa ya aina tano, kila aina inaacha mabaki yake na kudai boksi lake la akiba. Anayesema kuchanganya kunabana matumizi kwa kuwa "nimechukua za ofa" hajahesabu maboksi matano nusunusu yaliyolala chini ya kitanda.

Je, wajua tailizi ya poseleni hainywi maji? Viwango vya kimataifa vinataka inyonye asilimia 0.5 ya uzito wake au pungufu, wakati tailizi nyingi za ukutani hupita asilimia 10. Kwa hiyo fundi anayezitumbukiza zote kwenye ndoo kabla ya kulaza, "zishibe," anaziogesha tu zile za poseleni. Za kunyonya zinafaidika, kwa sababu hazitavuta haraka maji ya rojo ya saruji ikakauka kabla ya kushika. Poseleni inataka gundi yake. Ukichanganya aina mbili sakafuni, mwulize fundi atashikishia nini kila moja, na umwulize kabla hajakoroga.

Je, wajua sakafu moja isiyokatika toka barazani hadi chumba cha mwisho ina ugonjwa wake? Tailizi hutanuka kwa joto. Ni kidogo: sakafu ya mita 10 ikipanda nyuzijoto 20 inarefuka kama milimita 1.4. Lakini hiyo milimita moja na ushei haina pa kwenda endapo fundi amezibana ukuta kwa ukuta na kujaza saruji mpaka kwenye ripu. Mchana mmoja sebule inalia "paa!", watoto wanakimbia nje, jirani anadhani transfoma, kumbe tailizi mbili zimeng'oka katikati ya chumba na kusimama zikiegemeana. Mwongozo unaofuatwa na mafundi wa Marekani unataka ufa wa makusudi, unaojazwa silikoni badala ya grauti, kila mita 6 hadi 7.5 ndani ya nyumba. Panapopigwa na jua, ufa uwe kila mita 2.5 hadi 3.5 hivi. Kandokando ya kuta huachwa nafasi ndogo pia, skatingi itaificha. Mahali pazuri pa kuuweka ufa huo ni mlangoni, na baraza ndiyo ya kwanza kuuhitaji. Basi angalia wanavyofanya watu: baraza ndiyo wanayoiunganisha na sebule bila kukatisha, ili nyumba "ionekane ndefu."

   

Je, wajua Ujerumani kuna mtihani ambao mtu huvaa mabuti, akafungwa kamba ya usalama, akatembezwa juu ya tailizi zilizomwagiwa oili huku jukwaa likiinamishwa taratibu mpaka ateleze? Mteremko anaoshindwa nao ndio unaoipa tailizi daraja lake, kuanzia R9 hadi R13. R9 ni nyuzi 6 hadi 10 tu. R11 ni 19 hadi 27. Kwa sehemu za kutembea peku, kama bafuni, kuna mtihani mwingine wa maji ya sabuni, na madaraja yake ni A, B na C. Alama hizi huchapishwa kwenye maboksi mengi, na hapa sina mjadala na wapenda mfanano: ile tailizi ya sebuleni inayong'aa mpaka unajiona meno, ukiivuta hadi chooni ili nyumba ifanane, unamtegea bibi mtego. Choo, bafu na jiko vikae mbali na sebule kwa sakafu, hata kama rangi ni ileile.

Ipo na sababu ya pili, ambayo mafundi wazuri wanaijua bila kuisoma. Sakafu ya bafu inatakiwa iinamie shimo la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, tena kutoka pande zote. Tailizi ya 60 kwa 60 haipindi. Lazima ikatwe vipandevipande, au maji yasimame kona. Ya 30 kwa 30 inauchukua mteremko kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana bafu nyingi za hoteli zina tailizi ndogo, wala si ushamba.

Je, wajua ufa mrefu unaovuka tailizi nne kwa mpigo mara nyingi si kosa la tailizi? Tafuta chini, kwenye jamvi, na chini ya jamvi kwenye kifusi. Ardhi ya kujazia huzama polepole kwa miaka, hasa isiposhindiliwa. Hapa kwetu jina la kituo cha Dampo si la utani: Tabata ndiko jiji lilikokuwa likimwaga taka, na mwaka 1988 wakazi waliifikisha Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi, harufu na nzi. Wakashinda. Popote palipojazwa, iwe kwa taka au kwa udongo wa kuziba bonde, jamvi ndilo la kugharimia kwanza. Sakafu ya niru juu ya jamvi zuri itaishi kuliko poseleni juu ya jamvi bovu.

Je, wajua wazee wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hawakuwa na mjadala huu? Upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko, kama mita 3 au pungufu, na sakafu ilikuwa chokaa na kokoto za matumbawe, ikapondwapondwa kwa magongo mpaka ishikane. Chumba hadi chumba, kitu kilekile. Marumaru ilikuja na wakubwa: Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa mwaka 1883, ndimo ilimotandazwa.

Je, wajua vipande vilivyovunjika vina heshima duniani? Msanifu majengo Antoni Gaudí alifunika mabenchi na kuta za bustani ya Park Güell, Barcelona, kati ya 1900 na 1914, kwa vigae vilivyopasuka. Barazani kwetu fundi anapopanga mabaki ya rangi saba, jirani husema pesa iliisha. Huenda iliisha kweli. Lakini vipande vidogo vina grauti nyingi, na grauti inashika mguu wakati wa mvua za masika.

Je, wajua mpaka wa aina mbili unatakiwa ukae wapi? Chini kabisa ya bapa la mlango uliofungwa. Ukiwa sebuleni unaona sakafu ya sebule tu, ukiwa chumbani unaona ya chumbani tu. Ukisogea nje ya bapa sentimita 5, kila mgeni atauona. Na aina hizo mbili zisiachane unene: ya 30 kwa 30 huwa na milimita 7 au 8, poseleni ya 60 kwa 60 hukaribia 10, na milimita hizo chache zinatosha kukwaa kidole.

Je, wajua kulaza mpya juu ya ya zamani, ili nyumba nzima ifanane bila kubomoa, kunapandisha sakafu kama sentimita 1.5 hadi 2? Milango ya mbao seremala ataipunguza kwa randa. Geti la chuma la barazani linataka mchomeleaji na mashine ya kukatia, na hiyo ni bei nyingine. Mpatane kabla fundi tailizi hajaanza.