Kikonyo cha kitunguu saumu nacho ni mboga: Namna ya kukipika kwa kikaangio cha hewa

KITUNGUU saumu ni kiungo kisichokosekana katika majiko ya Mbeya na Iringa. Punje zake huungwa kwenye maharage, hutwangwa pamoja na tangawizi kwa ajili ya nyama, na wapo wanaozitumia kama tiba ya mafua wakati wa baridi ya Juni na Julai.

Hata hivyo, mmea huo una sehemu nyingine inayoliwa ambayo mara nyingi haifiki sokoni wala jikoni. Sehemu hiyo ni kikonyo chake, yaani bua jembamba la kijani linalochomoza katikati ya majani na kubeba ua ambalo halijafunguka.

Kikonyo kichanga kina ladha ya kitunguu saumu, lakini ukali wake ni mdogo kuliko wa punje. Kikiiva huwa kitamu na chororo, kikikaribia maharage mabichi kwa namna kinavyotafunika. Nchini China huliwa kama mboga kamili, aghalabu kikikaangwa pamoja na nyama, na nchini Korea hutiwa katika achari.

Kwa familia inayolima kitunguu saumu katika Nyanda za Juu Kusini, kukifahamu kikonyo kuna faida mbili kwa wakati mmoja: kupata mboga ambayo haikununuliwa, na kuusaidia mmea kukuza kichwa kilicho ardhini.

Si kila kitunguu saumu hutoa kikonyo

Kitunguu saumu kimegawanyika katika makundi makubwa mawili. Kundi la kwanza lina shingo ngumu, na ndilo linalotoa kikonyo. Kundi la pili lina shingo laini, ambalo kwa kawaida halitoi kikonyo na ndilo linaloweza kusukwa na kuning'inizwa baada ya kuvunwa.

Mkulima anaweza kuyatofautisha makundi hayo kwa kukata kichwa kilichokauka kwa upana wake. Kikiwa na kijiti kigumu katikati, na punje chache kubwa zilizokizunguka kijiti hicho, hicho ni cha shingo ngumu. Kikiwa na punje nyingi zilizopangana tabaka kwa tabaka bila kijiti, hicho ni cha shingo laini.

Hali ya hewa nayo ina nafasi yake. Kitunguu saumu huhitaji kipindi cha baridi ili kijigawe katika punje, na baridi hiyo pia ndiyo inayousukuma mmea wa shingo ngumu kutoa ua. Ndiyo sababu zao hili hustawi katika maeneo ya miinuko kama Mbulu mkoani Manyara, Lushoto mkoani Tanga, na nyanda za Iringa na Mbeya. Mjini Mbeya, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, joto la usiku katika Juni na Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi.

Kwa mwenye zao la shingo laini, mlango haujafungwa. Majani machanga ya kijani, hasa ya miche inayong'olewa ili kupunguza msongamano shambani, nayo huliwa, ingawa upishi wake hutofautiana kidogo na ule wa kikonyo.

Wakati wa kukata

Kikonyo huchomoza takriban wiki tatu hadi nne kabla ya kichwa kukomaa. Mwanzoni husimama wima, kisha hujikunja na kufanya duara. Huo ndio wakati wa kukikata, kwani bado ni kichanga na hukatika kwa urahisi kikivunjwa kwa vidole.

Kikiachwa mpaka kikajinyoosha tena na kichwa cha ua kikaanza kuvimba, huwa na nyuzi ngumu ambazo jiko lolote haliwezi kuzilainisha vya kutosha.

Kukata mapema kuna maana pia kwa mavuno. Mmea unapoachwa ulee ua, sehemu ya chakula chake huelekezwa huko. Majaribio ya kilimo katika nchi mbalimbali yameonesha kwamba mimea iliyoondolewa vikonyo mapema kwa kawaida hutoa vichwa vikubwa zaidi. Hivyo, mkulima asiyependa kukila kikonyo bado ana sababu ya kukikata.

Kifaa kinavyofanya kazi

Kikaangio cha hewa, ambacho wauzaji wa vyombo vya umeme hukiita eafraya, kilianza kujulikana duniani mwaka 2010, pale kampuni ya Philips ya Uholanzi ilipokizindua katika maonesho ya bidhaa za umeme mjini Berlin, Ujerumani.

Licha ya jina lake, kifaa hicho hakikaangi kama karai la mafuta. Ndani yake, upande wa juu, kuna koili ya umeme inayotoa joto, na juu yake feni yenye kasi. Feni husukuma hewa ya moto kukizunguka chakula kilicho ndani ya kikapu chenye matundu. Kwa maneno mengine, ni tanuri dogo lenye upepo mkali.

Upepo huo huondoa haraka unyevu ulio juu ya chakula. Unyevu ukiisha, joto la nje ya chakula hupanda na kupita nyuzi 140, na hapo ndipo rangi ya kahawia na harufu ya kukaanga huanza kujitokeza. Mafuta kidogo yanayopakwa husaidia kusambaza joto na kuzuia chakula kisikauke kama kuni.

Kwa wakazi wa miinuko, kipo kingine cha kuzingatia. Maji huchemka katika nyuzi 100 mjini Dar es Salaam, lakini mjini Mbeya na Iringa huchemka katika takriban nyuzi 95 au pungufu kidogo, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo. Ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu kuiva huko. Joto la kikaangio cha hewa halitegemei mchemko wa maji, bali kidhibiti chake, hivyo nyuzi 190 za Mbeya ni zilezile za pwani.

Hatua za upishi

Kwa gramu 250 za vikonyo, kiasi kinachowatosha watu watatu au wanne kama mboga ya pembeni, mahitaji ni kijiko kimoja kidogo au viwili vya mafuta ya alizeti, chumvi kiasi, pilipili manga kwa apendaye, na nusu ya ndimu.

Kwanza, vikonyo vioshwe na kufutwa maji kwa kitambaa safi. Vikiwekwa vikiwa vimelowa, hewa ya moto itatumia dakika za mwanzo kukausha maji badala ya kuvipika, na vitatoka vimelegea.

Pili, ncha yenye ua ikatwe, pamoja na sehemu ya chini iliyo ngumu. Sehemu iliyobaki ikatwe vipande vya urefu wa kidole, kisha vichanganywe na mafuta na chumvi kwa mkono hadi kila kipande kipate utando mwembamba wa mafuta.

Tatu, kifaa kiwashwe kwa nyuzi 190 na kuachwa dakika mbili au tatu kipate moto. Vipande vitandazwe katika kikapu bila kurundikwa, kwani hewa isipopita kati yake, vya juu huungua na vya chini hubaki vibichi.

Nne, vipikwe kwa dakika saba hadi kumi, kikapu kikitikiswa katikati ya muda huo. Kuanzia dakika ya sita ni vyema kuvikagua, kwa sababu kitunguu saumu kikiungua huwa kichungu, na uchungu huo hauondolewi na kiungo chochote. Vikiwa na mabaka ya kahawia na vikikatika kwa uma bila taabu, vimeiva. Ndimu ikamuliwe baada ya kuvitoa.

Majani machanga yapikwe kwa nyuzi 160 na kwa dakika tatu hadi tano tu. Yasiwekwe peke yake, kwani ni mepesi na feni huweza kuyapeperusha hadi kwenye koili yakaungua na kutoa moshi. Yachanganywe na chakula kizito, kama vipande vya viazi vilivyokaribia kuiva.

Viazi mviringo, zao ambalo Mbeya inasifika kwalo, hupatana vizuri na vikonyo. Viazi vilivyokatwa kama chipsi vitangulie kwa takriban dakika 15 hadi 18, ndipo vikonyo viongezwe kwa dakika saba au nane za mwisho.

Hesabu ya umeme

Swali la kwanza la familia nyingi ni uniti zitakazotumika. Jibu linapatikana kwa hesabu nyepesi: nguvu ya kifaa katika kilowati izidishwe kwa muda wa matumizi katika saa.

Kifaa cha wati 1,500 kikiwaka mfululizo kwa dakika nane hutumia uniti 0.2. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2016 chini ya EWURA, mteja wa kawaida wa nyumbani wa TANESCO alitozwa shilingi 292 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo hufika takriban shilingi 356. Kwa bei hiyo, sahani ya vikonyo hugharimu kama shilingi 71 za umeme. Mteja wa kundi la matumizi madogo, aliyetozwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, angelipa takriban shilingi 24.

Chipsi pamoja na vikonyo kwa dakika 25 huhitaji karibu uniti 0.63. Zikipikwa kila siku kwa mwezi, matumizi hayakosi uniti 19. Katika bei hizo za 2016, mteja wa kundi la matumizi madogo alipata nafuu hiyo kwa uniti 75 tu za mwezi, na zilizozidi zilitozwa shilingi 350 kila moja. Hivyo uniti 19 ni robo nzima ya mgao wake. Mali bila daftari huisha bila habari, na LUKU nayo haina tofauti.

Faida ya kifaa huonekana zaidi katika mapishi mafupi. Jiko la mkaa huchukua muda kuwaka kuliko muda wa kupika vikonyo vyenyewe, na baada ya chakula kuiva mkaa huendelea kuteketea. Kwa maharage, kande au makande ya kundi kubwa la watu, kikaangio cha hewa si jibu. Kazi hiyo inafaa jiko la presha la umeme.

Suala hili linagusa pia mwelekeo wa taifa. Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa Mbeya na Iringa, jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, yanayopita bonde la Usangu, ndiyo yanayoingia Mtera na Kidatu kabla ya kufika Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere. Misitu ya vyanzo vya maji ikigeuzwa mkaa, umeme nao huguswa.

Tahadhari

Kifaa cha wati 1,500 huvuta umeme mwingi. Kichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani iliyo imara, si kwenye waya mwembamba wa kuunganishia unaobeba pia pasi na hita. Mifumo midogo ya sola ya taa na kuchajia simu haiwezi kukiendesha.

Aidha, kifaa kisiegemezwe ukutani, kwa kuwa hewa ya moto hutokea nyuma. Kikapu kioshwe kila baada ya matumizi, kwani mafuta yaliyoganda ndiyo chanzo cha moshi.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu uhifadhi. Vikonyo au punje za kitunguu saumu visilowekwe ndani ya mafuta na kuachwa kabatini. Mafuta huzuia hewa, na katika hali hiyo bakteria wa botulizimu huweza kuota na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Mwaka 1985, watu 36 waliugua baada ya kula katika mgahawa mmoja wa Vancouver, Kanada, na chanzo kilibainika kuwa kitunguu saumu kilichohifadhiwa katika mafuta bila ubaridi.

Njia salama ni kuviweka vikonyo vibichi katika jokofu, ndani ya mfuko, ambako hukaa wiki mbili au zaidi. Vinaweza pia kukatwa, kuchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha kugandishwa.

Kwa asiye na jokofu, njia bora ni ileile ya asili: kukata vinavyotosha mlo wa siku hiyo, na kuviacha vingine shambani hadi kesho yake, mradi visipitwe na ujana wake.