Stripu ya sukari: itunze, nayo itamtunza mwanao

Mzazi mwenye mtoto anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza hupima sukari mara kadhaa kwa siku. Namba inayoonekana kwenye mashine ndiyo humwongoza achome insulini kiasi gani. Namba hiyo ikiwa juu kuliko ukweli, mtoto huongezewa insulini asiyoihitaji, na sukari yake huweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Ndani ya stripu kuna kimeng'enya. Kikikutana na sukari iliyo kwenye tone la damu, elektroni huachiliwa na kuzaa umeme mdogo sana, ambao mashine huugeuza kuwa namba. Msingi wa kipimo hiki uliwekwa mwaka 1962 na Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons.

Udhaifu wake ni kwamba kimeng'enya ni protini, hivyo huharibiwa na joto na unyevu. Ndiyo maana watafiti wamegeukia vitu vya kiwango cha nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe za dhahabu au mirija ya kaboni ya ukubwa huo hupitisha elektroni kwa urahisi, na kipimo huhisi hata sukari kidogo. Wengine wanajaribu kuacha kimeng'enya kabisa na kutumia chembe za shaba au nikeli. Kikwazo ni kwamba nyingi hufanya kazi vizuri kwenye kimiminika chenye alikali kali kuliko damu, na vitamini C huweza kuzichanganya.

Kwa hiyo, stripu ulizonazo nyumbani bado hutegemea kimeng'enya. Zitunze hivi:

• Ziache kwenye kopo lake na ufunge kifuniko mara tu unapotoa moja.

• Usiziweke juani, karibu na jiko, ndani ya gari wala kwenye friji.

• Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi.

• Mnawishe mtoto kwa sabuni na umkaushe vidole. Utomvu wa embe au chungwa kidoleni hupandisha namba.

Namba isipolingana na hali ya mtoto, mnawishe umpime tena. Ikiwa chini ya 4 na ana fahamu, mpe maji yenye sukari au juisi, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umwahishe hospitali.